Dada anataka nisafishwe tumbo, daktari anataka kinga yangu ipunguzwe

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nina miaka 36, nina mume na watoto wawili. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mtu ninayemwandika anaifuata safu hii kila wiki na huwa ananipigia simu kunisomea.

Maradhi yangu yalianza mwaka juzi kwa kuharisha. Nilidhani ni pilau ya harusini. Wiki ya pili nikaona damu na makamasi. Zahanati ya kwanza walisema amiba, nikapewa dawa, nikapata nafuu siku nne, kisha yakarudi. Nikapewa dawa zilezile. Mara ya tatu wakasema ni taifodi, nikachomwa sindano. Kufikia hapo nilikuwa naenda chooni mara kumi na mbili kwa siku. Hebu fikiria, mama, mwalimu mwenye watoto 74 darasani, na choo kiko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nilipungua kilo 11. Watu wakaanza kunong'ona. Nilipima VVU mara mbili, niko salama, lakini karatasi ya majibu utamwonyesha nani? Utaitundika mlangoni?

Mwishowe nikapelekwa hospitali ya rufaa, wakaniingiza kamera kwa nyuma, wakanyofoa vinyama vidogo vikaenda maabara. Majibu yakaja kwamba ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule usioletwa na amiba wala taifodi. Daktari ni kijana mpole, alinichorea kwenye karatasi. Alisema tumboni mwa kila mtu kuna bakteria wengi mno ambao ni wema, na kinga ya mwili huwaacha waishi. Kwangu mimi kinga imeacha kuwavumilia, inawapiga, na ukuta wa utumbo unaumia katikati ya ugomvi. Nilitoka pale na sentensi moja kichwani: mwili wangu umenigeuka.

Alinianzishia prednisoloni, tukaipunguza kidogo kidogo hadi ikaisha, nikabaki na salfasalazini, vidonge vinne kwa siku, pamoja na vile vidogo vya foliki asidi. Mama, kwa miezi tisa nilikuwa mtu tena. Nilifundisha hadi kipindi cha mwisho bila kuangalia mlango.

Sasa nije kwa dada yangu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minane, na dada ndiye aliyenilea. Aliuza maandazi alfajiri na chapati jioni akanisomesha mpaka chuo cha ualimu. Yeye hakumaliza shule ili mimi nimalize. Anaishi Dar, ana mguu mmoja mbovu, na siku hizi anauza unga wa mitishamba wa kusafisha tumbo. Anasema ugonjwa wangu ni uchafu ulioganda kwenye utumbo kwa miaka, na vidonge vya hospitali vinaufunika tu kama zulia juu ya vumbi. Baada ya Idi alipanda basi na mguu wake uleule akaniletea pakiti mbili. "Nimekuja mwenyewe ili nikuone ukinywa," alisema. Ningemkataliaje?

Nilikunywa siku tatu, nikaharisha maji matupu. Alisema nisichanganye na vidonge, basi nikaviweka kando wiki mbili. Wiki ya tatu damu ikarudi. Nimeanza vidonge tena, lakini haijakata.

Kliniki daktari aliniuliza, "Kuna kitu umebadilisha?" Nikasema hapana. Akafikiri kidogo, akasema basi huenda salfasalazini imeshindwa, na damu isipokata tutaongeza azathioprini, dawa inayopunguza makali ya kinga. Kwanza nipimwe damu, ini na kifua kikuu. Tangu siku hiyo silali. Nusu ya darasa langu wanakohoa. Dunia nzima inahangaika kupandisha kinga, mimi nilipe hela nishushiwe?

Mume wangu anasema nichague upande mmoja nitulie. Nami najiuliza: hao bakteria wema wapo kweli, au daktari alikuwa ananibembeleza? Na kama ugomvi ni kati ya kinga yangu na bakteria, kwa nini wasiuawe hao bakteria wote, ugomvi ukakosa mtu wa pili? Labda dada yuko sahihi kwa njia yake. Na kama hayuko sahihi, nitamwambiaje mtu aliyenilea kwamba zawadi yake imenitoa damu?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya maradhi, na pole ya ile safari ya kuvuka uwanja wa mpira, ambayo sijaona kipimo cha hospitali kinachoiandika.

Mume wako ameliona tatizo kuwa la pande mbili, unga wa dada na kidonge cha daktari. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki naona kitu kingine pia. Daktari hajui habari za unga. Dada hajui kwamba damu imerudi, au kama anajua hukuniambia. Mwenye habari kamili ni wewe peke yako, na mzigo wa namna hiyo huwa hautoi usingizi hata kwa mtu mzima wa afya.

Nianze na bakteria, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Wapo kweli. Mwaka 2016 watafiti walirudia hesabu ya siku nyingi wakakuta mwanamume wa kilo 70 ana seli zake mwenyewe kama trilioni 30, na bakteria kama trilioni 38, karibu wote katika utumbo mpana. Ukiwakusanya mizanini hawafiki robo kilo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa jembe wamelishika tangu utotoni mwako. Yale makapi ya mboga, maharage na matunda ambayo tumbo lako haliwezi kuyasaga, wao huyachachusha, na katika kuchachusha hutoa asidi ndogo ndogo. Mojawapo huitwa butireti, na ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika utumbo mpana. Yaani ukuta wako unalishwa na wapangaji.

Ila nataka kulisogeza kidogo lile neno la daktari kwamba kinga "huwaacha waishi". Ukilisikia hivyo unamwona mlinzi aliyesinzia getini. Sivyo ilivyo. Hakuna sehemu ya mwili yenye ulinzi mkubwa kuliko utumbo, na amani ya pale hutengenezwa upya kila siku.

Ukuta wenyewe ni safu moja tu ya seli, na seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Juu yake kuna ute. Katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili: la juu ni laini na bakteria hukaa humo wakila na kuzaana, la chini limeshikana sana hata wengi wao hawapiti. Mwaka 2008 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walilionyesha hilo katika panya wa maabara, na panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza ute huo huugua utumbo mpana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuvumiliana huko ni kutokugusana. Majirani wanapatana kwa sababu ua upo.

Kisha kuna kingamwili aina ya IgA. Mwili humwaga gramu kadhaa za kitu hiki utumboni kila siku, kuliko kingamwili nyingine yoyote unayotengeneza. IgA huwapaka bakteria na kuwashika wasisogee ukutani, lakini haiwaiti askari wala haiwashi moto. Ukimnyonyesha mtoto, humpa hiyo pia kupitia maziwa, hasa yale ya mwanzo ya njano. Wanao wote wawili wameipata kwako.

Na tatu, ambayo kwangu ndiyo ya ajabu kuliko zote. Chini ya ukuta kuna seli zinazochukua vipande vya bakteria na kuvipeleka kwenye tezi, kama mtu anayepeleka kitambulisho kukaguliwa. Pale seli nyingine za kinga hufundishwa: huyu tunamjua. Baadhi ya wanafunzi hao hugeuka kuwa seli za T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasipige. Mjapani Shimon Sakaguchi alizitambua mwaka 1995 wakati wanasayansi wengi walikuwa wameshaliacha wazo hilo, na mwaka 2025 yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Na sikiliza hili, mwalimu: mwaka 2013 ilionekana katika panya kwamba ile butireti wanayoitoa bakteria huongeza seli hizo za kutuliza humohumo utumboni. Wapangaji wanachangia mshahara wa mlinzi anayewazuia askari. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja hukua na kinga changa, isiyojua kazi.

Ndiyo maana sentensi uliyotoka nayo hospitali, kwamba mwili umekugeuka, inanipa shaka. Kwa wagonjwa kama wewe huonekana mambo kadhaa kwa pamoja. Ute huwa mwembamba, mchanganyiko wa bakteria huwa umebadilika, na urithi wa familia nao huchangia. Sayansi haijakubaliana kipi hutangulia. Ua ukivunjika na majirani wakakanyaga ukuta, askari wanaokuja wanaitikia kelele za kweli. Tatizo ni kwamba hawarudi kambini kelele zikiisha. Sijui kama tofauti hii itakusaidia saa nane za usiku, lakini mtu anayeamini mwili wake ni adui hula kwa hofu na humeza dawa kwa chuki, na nimewaona wengi wa namna hiyo wodini.

Sasa, kwa nini tusiwaue bakteria wote? Wazo lako lina nusu ya ukweli ndani yake. Mwaka 1993 walitengenezwa panya wasioweza kutoa kemikali moja ya kutuliza kinga, intaleukini-10, wakaugua utumbo. Baadaye wenzao wa aina hiyohiyo walipolelewa bila vijidudu hawakuugua. Ugomvi ulikosa mtu wa pili, kama ulivyosema.

Lakini panya hao huishi ndani ya sanduku la plastiki lenye hewa iliyochujwa. Wewe unaishi Tanga. Antibayotiki haziwezi kuufanya utumbo uwe mtupu, hupunguza wengine na kuwaachia nafasi wengine. Mmoja anayependa nafasi za namna hiyo huitwa Klostridioidesi difisile, naye huleta kuharisha kubaya kuliko kulikotangulia; hata wagonjwa ambao dawa zilishindwa kumfukuza walitibiwa kwa kurudishiwa bakteria kutoka kwenye kinyesi cha mtu mzima wa afya, tiba ambayo utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013 ulionyesha inafanya kazi. Usicheke. Au cheka kidogo, inaruhusiwa.

Na kuna jambo dogo ambalo nadhani hukuambiwa kuhusu vidonge vyako. Salfasalazini, iliyobuniwa Sweden na daktari mwanamke aitwaye Nanna Svartz, ni dawa mbili zilizofungwa pamoja. Fundo lake haliwezi kufunguliwa na tumbo lako. Hufunguliwa na bakteria wa utumbo mpana, na hapo ndipo ile dawa ya kutuliza ukuta inapotoka, mahali penyewe panapouma. Miezi ile tisa uliyofundisha bila kuangalia mlango, mliifanya kazi pamoja nao.

Hapo ndipo ninapomfikia dada yako, na nitamsemea kwa adabu kwa sababu nami ni kifungua mimba niliyelea wadogo. Wazo la uchafu ulioganda si lake. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mpasuaji mkubwa wa London, Sir William Arbuthnot Lane, aliamini hivyohivyo kwa nguvu hata akawa anawakata watu utumbo mpana mzima kuwaondolea sumu. Aliachwa na wenzake kwa sababu ushahidi ulikosekana. Walioingiza kamera kwako wangeuona uchafu wa miaka kumi kama ungekuwepo. Walichokiona ni ukuta mwekundu unaotoka damu. Kinachotoka mtu anywapo dawa ya kuendesha ni maji na chumvi za mwili pamoja na chakula cha juzi. Unga wenyewe sijui una nini ndani. Nyingi za namna hiyo huwa na sanamaki, ambayo huusukuma utumbo kwa nguvu, na ukuta wenye vidonda haupendi kusukumwa.

Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba unga ndio uliorudisha damu. Uliacha vidonge wiki mbili, na hilo peke yake linatosha. Ugonjwa huu pia una tabia ya kurudi wenyewe bila kualikwa. Na inawezekana kabisa kwamba safari hii ni amiba kweli. Mtuhumiwa si mmoja, mwanangu, na wewe umekwisha kumhukumu mmoja moyoni, ndiyo maana unashindwa kumtazama dada usoni.

Sasa tazama ile kliniki. Daktari aliuliza, ukasema hapana, akahitimisha kwamba dawa imeshindwa. Hitimisho lake limesimama juu ya "hapana" yako. Akijua kwamba vidonge vilisimama wiki mbili, huenda hesabu yake ikabadilika: aviache vifanye kazi kwanza, au aongeze dozi, au akupe dawa ya kuingizwa kwa nyuma inayotibu palepale, au aagize choo kipimwe upya. Hilo la choo lina uzito wa pekee, kwa sababu steroidi, kama ile prednisoloni uliyoanza nayo, zikitolewa juu ya amiba isiyojulikana zinaweza kuleta hatari kubwa. Na huenda akabaki palepale kwenye azathioprini. Sitaki nimsemee. Ukimwambia unaweza kukaripiwa, na sitakudanganya, wapo wanaokaripia. Usipomwambia, utapewa dawa nzito kwa sababu ya kosa ambalo pengine dawa nyepesi haikulifanya.

Hofu yako ya kushushiwa kinga naielewa, hasa kwa mwalimu wa watoto 74. Naomba tu uitenganishe na picha ya VVU, ambayo nadhani ndiyo iliyokaa kichwani mwako. Azathioprini hupunguza sauti ya redio, haizimi umeme. Huchukua wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kuonyesha kazi. Hatari zake ni za kweli: chembe nyeupe za damu zinaweza kushuka mno, ini linaweza kuchoka, maambukizi huongezeka, na ngozi inahitaji kukingwa na jua zaidi. Ndiyo sababu ya vile vipimo vya damu, ambavyo havipimwi mara moja vikaisha. Kipimo cha kifua kikuu nacho kina maana kwa nchi yetu, maana wengi tunambeba kijidudu huyo akiwa amelala, na akigundulika kuna dawa za kumzuia asiamke. Muulize pia kuhusu chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, kabla hujaanza. Ukiona vipimo hivyo haviwezekani kufanyika kwa wakati, kwa gharama au kwa umbali, mwambie wazi, kwa sababu dawa hii bila vipimo ni jambo tofauti kabisa na dawa hii pamoja na vipimo.

Njia ya kuacha vyote nayo ipo, watu huichukua. Wengine hukaa miezi bila kitu. Lakini utumbo unaowaka miaka mingi bila kutulizwa hupata makovu, na hatari ya saratani yake hupanda, ndiyo maana wagonjwa wa muda mrefu huitwa tena kwenye kamera. Na wakati unafikiri, yako mambo yasiyosubiri siku ya kliniki: homa, tumbo kujaa na kuuma sana, damu nyingi, kizunguzungu ukisimama. Ukiona hayo, nenda usiku huohuo.

Hujauliza kuhusu chakula, ila najua dada atauliza. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi ya porini, ubuyu na matunda, hupata nyuzinyuzi gramu mia na zaidi kwa siku, na utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha bakteria wao hubadilika na majira ya mwaka, wengine hupotea masika wakarudi kiangazi. Daktari Denis Burkitt, Mwairishi aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona mapema kwamba maradhi ya utumbo mpana aliyoyajua kwao hayakuwa mengi kwa watu wa huku, akaanza kuwauliza watu wanakula nini. Kunde, mchicha, ndizi, mtindi wa nyumbani, hivi havina ugomvi na ugonjwa wako ukiwa umetulia. Damu inapotoka, vyakula vigumu vyenye maganda na mbegu vinaweza kukuumiza, kula vilivyopondwa na kuiva sana. Chakula hakiponyi ugonjwa huu. Ila mtu anayetaka kukupikia, mpe jiko.

Na hapo ndipo ninapokuuliza wewe: alichokuletea dada kwa basi kilikuwa nini hasa? Unaogopa kwamba ukiukataa unga umemkataa yeye. Inawezekana. Anauuza, na kukataliwa na mdogo wake kunaweza kumuuma mara mbili, moyoni na mfukoni. Unaweza kuendelea kuupokea na kuumwaga, wengi hufanya hivyo ili kulinda mapenzi, na huenda ikadumu miaka. Siku akiijua, ataumia kwa kudanganywa zaidi ya kukataliwa. Unaweza kumwambia ukweli wote kwa mara moja, damu, kliniki na kila kitu, na akajilaumu kupita kiasi. Au unaweza kumwomba aje kliniki nawe. Mtu aliyeuza maandazi alfajiri ili usome hashindwi kukaa kwenye benchi la hospitali, na ule mchoro wa daktari unaweza kumfaa kuliko maneno yako au yangu. Au asikubali, akaona umemleta aaibishwe mbele ya kijana. Wewe ndiye unayemjua.

Kuna jambo moja la mwisho. Uliniomba nifiche jina, nikalificha. Lakini hukugusa mguu, wala maandazi, wala basi la baada ya Idi, na unajua kwamba dada husoma safu hii kila wiki. Nilikutumia ujumbe kukuuliza kama nibadilishe mambo hayo kabla ya kuchapa. Ulijibu kwa mstari mmoja: "Acha kama yalivyo, mama." Nimeyaacha.

Kwa hiyo kama sasa hivi yuko kwenye simu anakusomea, na sauti yake imeanza kupungua tangu aya za juu, usikate. Mwulize kwanza mguu unaendeleaje. Kisha mwambie akutumie picha ya karatasi ya ile pakiti, ile yenye orodha ya vilivyomo, daktari ataitaka.